Unahama nyumba na mkataba wa intaneti bado haujaisha: kinachohama, kinachobaki na anayelipa

Dar watu wanahama sana. Kodi ya miezi sita inaisha mwenye nyumba anapandisha bei, au umepata kazi Posta na unaishi Bunju na foleni ya Mwenge imekuchosha, au umemaliza chumba na sebule kwenye kiwanja chako cha Goba ukaamua kuingia hivyohivyo umalizie ukiwa ndani. Kwenye hizo pilika mtu anakagua maji, umeme, paking, geti, umbali wa barabara ya lami, alafu intaneti inakuja kukumbukwa siku kirikuu imeshapakia vitanda, ndo mtu anapiga simu kampuni anaambiwa huko unakoenda hatujafika na mkataba wako umebakiza miezi tisa. Nimeona watu wa karibu yangu wakilipa hela ambayo isingelipwa kama wangeuliza swali moja kabla ya kumpa dalali pesa, kwaiyo nataka tulifungue hili jambo taratibu, maana lina mafundo kadhaa na kila fundo lina namna yake ya kufunguliwa.

Fundo la kwanza ni kwamba tunachoita intaneti ya nyumbani ndani yake kuna vitu vitatu. Kuna waya unaotoka kwenye nguzo kuja ukutani kwako, kuna kifaa chenye taa kinachotoa waifai, na kuna mkataba uliosaini au uliokubali kwa kubonyeza "nakubali" kwenye simu. Siku zote ukiwa umetulia nyumba moja hivi vitatu unaviona ni kitu kimoja, ukihama vinaachana. Waya unabaki pale pale. Kifaa kinaweza kwenda na wewe au kurudi kampuni, inategemea ni cha nani. Mkataba unakufuata wewe, hata ukihamia mtaa ambao hiyo kampuni haina hata mteja mmoja. Ugomvi mwingi kati ya wateja na makampuni unaanzia hapo, mteja anasema "nyumba nimeiacha kwaiyo na mkataba umeisha", kampuni inasema "mkataba hatukusaini na nyumba, tulisaini na wewe", na kisheria kampuni ndo iko sawa.

Tuanze na waya maana ndo unaoamua mengine yote.

Intaneti kufika Dar es Salaam yenyewe haijawahi kuwa shida kwa miaka mingi sasa. Mkongo wa baharini wa SEACOM uliwashwa Julai 2009, EASSy ukafuata 2010, alafu Mkongo wa Taifa ukasambazwa mikoani. Shida iko kwenye mita mia mbili za mwisho, kutoka kwenye nguzo ya mtaani hadi sebuleni kwako. Faiba ya majumbani inafanya kazi hivi: kwenye kituo cha kampuni kuna mtambo, kutoka kwenye mtambo unatoka uzi mmoja wa kioo mwembamba kama unywele, ule uzi ukifika mtaani unaingia kwenye kigawanyio kinachougawa mwanga kwenda nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64 kwa uzi mmoja. Mtambo unaweza kuhudumia nyumba zilizo umbali wa hadi kilomita 20 hivi kwaiyo umbali wa kituo siyo tatizo kubwa, tatizo ni nafasi. Pale juu ya nguzo kuna boksi dogo jeusi, ukilifungua kuna vitundu vimepangwa, vinane au kumi na sita, na kila kitundu ni mteja mmoja. Vikijaa vimejaa.

Hii ndo sababu unaweza ukaona waya wa faiba umepita juu ya geti lako kabisa, jirani wa kushoto anayo, jirani wa kulia anayo, na wewe ukaambiwa subiri. Mtu wa mauzo ofisini anaangalia ramani kwenye kompyuta anaona mtaa wako umepakwa rangi ya kijani anakwambia "ndio dada, Goba tupo", wala hadanganyi, ila ramani inaonyesha mtaa na haionyeshi kitundu. Anayejua kitundu ni fundi. Fundi anapanda ngazi, anafungua boksi, anaangalia kama kuna nafasi, akipata anachomeka kipimo chake anasoma nguvu ya mwanga. Namba inakuja na alama ya kutoa, mfano hasi 19 au hasi 22, na kwenye faiba hizi za majumbani ikishuka kufika kama hasi 27 kifaa kinaanza kuhangaika, mara kinashika mara kinaachia. Mwanga unapotea kwenye kila maungio na kila kona waya ulipokunjwa vibaya. Kwaiyo hata kitundu kikiwepo, boksi lenye maungio mabovu linaweza kukupa huduma ya shida tangu siku ya kwanza, na ni kitu ambacho hakuna ramani itakwambia.

Ukiwa unahama basi usiulize "mpo Goba?" Uliza "naomba fundi aje aangalie boksi lililo karibu na nyumba hii kama lina nafasi, na nipate jibu kwa meseji". Tuma lokesheni ya nyumba kabisa, na kama unaweza piga picha ya nguzo iliyo jirani, yale maboksi huwa yameandikwa namba kwa nje na hiyo namba inamrahisishia sana mtu wa ofisini. Na hili lifanyike kabla hujalipa kodi. Najua dalali anakwambia kuna mtu mwingine anakuja jioni kuiona na yuko na hela mkononi, ila kodi ya miezi sita au ya mwaka ikishatoka hairudi, na kama kazi yako unaifanyia nyumbani, au una watoto wanaosoma kwa mtandao, nyumba isiyo na intaneti ya uhakika itakuongezea gharama ya vifurushi kila mwezi hadi kodi iishe.

Nafikiri kinachowachanganya wengi ni mazoea ya LUKU. Mita ya LUKU ni ya nyumba, unaikuta, unanunua umeme kwa namba ya mita, ukihama unaiacha na anayekuja anaendelea nayo bila kumuuliza mtu. Intaneti haiko hivyo, waya ni wa nyumba lakini akaunti ni ya mtu, imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, ukiondoka bila kuifunga inaendelea kuwa yako na kama ina bili ya kila mwezi bili inaendelea kuhesabu.

Kifaa sasa. Watu wengi wanang'oa kile kiboksi cheupe wanakiweka kwenye begi pamoja na chaja zake wakiamini wakifika wanachomeka tu. Kama ni faiba hakitafanya kazi hivyo, hata nyumba mpya ikiwa na waya wa kampuni hiyohiyo. Kila kifaa cha faiba kina namba yake ya utambulisho ya kiwandani na mtambo wa kampuni umeandikishwa kukitambua kikiwa kwenye kitundu fulani, ukikipeleka kwingine taa inaweza kuwaka lakini huduma haitapita mpaka ofisini wakuhamishe kwenye mfumo wao. Na kama waya wenyewe hauna mwanga utaona taa nyekundu imeandikwa LOS, hiyo maana yake mwanga haufiki kabisa, hata uzime uwashe mara ngapi haibadiliki. Ukikitoa ukutani shika ile plagi ndogo ya kijani usivute waya, funika kichwa chake na kile kifuniko cha plastiki maana vumbi kidogo tu linaziba mwanga, na waya wenyewe usiukate wala kuukunja kwa nguvu, uache ukutani. Ule uzi wa ndani ni kioo.

Piga picha upande wa chini wa kifaa kwenye stika yenye namba. Itakusaidia baadaye nitakapofika kwenye kurudisha.

Wenye rauta za laini, zile za 4G na 5G zinazotumia laini ya simu ndani, wako kwenye hali nyepesi zaidi, unachomoa unaondoka nayo. Ila kuna mambo mawili. Vifurushi vingine vya nyumbani vimefungwa kwenye eneo ulilosajili na ukihama unatakiwa utoe taarifa wakuhamishie mnara, hilo uliza. Na pili mtandao unaoshika vizuri Sinza unaweza ukawa dhaifu Madale kwenye bonde, hasa 5G maana masafa yake mengi hayapendi kuta nene. Kipimo kizuri hakigharimu kitu, nenda nyumba mpya na simu yenye laini ya mtandao huohuo, ingia chumba utakachokuwa unafanyia kazi, funga mlango, pima spidi, alafu kama unaweza rudi kwenye saa mbili usiku upime tena muda ambao mtaa mzima uko mtandaoni. Kipimo cha saa nne asubuhi ukiwa nje ya geti hakikwambii chochote. Na wale wa antena ya juu ya paa inayotazamana na mnara, wao wanahitaji njia ya wazi ya macho, ghorofa jipya au mwembe mkubwa katikati unatosha kuharibu kila kitu, kwaiyo fundi lazima apande paani aangalie.

Tukija kwenye mkataba, hapa ndo penye pesa na ndo sehemu ambayo hatusomi.

Kwanza jua uko kwenye mkataba wa aina gani. Huduma nyingi za nyumbani hapa mjini ni za kulipia kabla, unalipa mwezi, mwezi ukiisha inakatika, ukilipa inarudi. Mtu wa huduma hii anaamini hana mkataba wowote na mara nyingi yuko sahihi, akihama anaacha kulipia na hakuna deni linaloongezeka. Lakini angalia uliingiaje. Kama ulifungiwa bure, au rauta ulipewa bure, au ulipewa bei ya ofa, basi uwezekano ni mkubwa kuna mstari mahali fulani kwenye fomu unaosema utakaa na huduma miezi 12 au 24, na ukiondoka kabla utalipa gharama za kufungiwa au za kifaa. Yule kijana wa ofa aliyekuja na tisheti mlangoni alikwambia "bure" na alimaanisha hulipi siku ile. Kampuni ilitoa hela yake kununua kifaa, waya na kumlipa fundi, na imepanga kuirudisha kidogokidogo kwenye malipo yako ya kila mwezi. Hilo siyo jambo baya, na ukilielewa unajua hata cha kubishania ukitaka kutoka mapema.

Tuchukue mfano, namba nimeziweka mimi ili hesabu iwe rahisi. Unalipa laki moja kwa mwezi, mkataba miezi 24, umebakiza miezi 9. Kampuni inaweza kukwambia lipa miezi yote iliyobaki, laki tisa. Sasa fikiria kampuni ilikupa kifaa cha 180,000 na kukufungia kwa 120,000, jumla 300,000, ukigawa kwa miezi 24 ni 12,500 kila mwezi, kwa miezi 9 iliyobaki hela ya kampuni ambayo haijarudi ni 112,500. Kati ya 112,500 na 900,000 kuna tofauti kubwa sana, na hapo katikati ndo pa kuzungumzia, hasa kama kifaa unakirudisha kizima na hutatumia intaneti yao hiyo miezi tisa.

Na unapozungumza huendi mikono mitupu. Sheria ya Mikataba yetu, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa pale utakapovunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia inayofaa isiyozidi hicho kiasi. Yani namba iliyoandikwa kwenye mkataba ni kikomo cha juu, siyo kwamba lazima ilipwe yote kama ilivyo. Anayeamua fidia inayofaa ni mahakama na simwambii mtu akimbilie mahakamani kwa laki mbili, ila barua inayotaja kifungu hicho kwa heshima na kuambatanisha hesabu kama hiyo hapo juu inajibiwa tofauti kabisa na simu ya hasira. Dada wa kastoma kea hana mamlaka ya kukupunguzia, barua inafika kwa mwenye mamlaka.

Kuna mambo mawili tofauti ambayo watu wanayachanganya. La kwanza, kampuni ipo huko unakohamia na iko tayari kukuhamisha. Hapo mkataba unaendelea tu, unalipa gharama ya kuhamisha kama ipo. Cha kuangalia hapo ni kimoja na ni muhimu kuliko vyote kwenye hii makala: je muda unaanza upya? Baadhi ya fomu za kuhamisha huduma ni mkataba mpya kabisa, ulikuwa umebakiza miezi 9 ukisaini tu umerudi miezi 24. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye fomu, usisikilize maelezo ya mdomo. La pili, kampuni haipo huko. Watu wanaamini hapo mkataba unakufa wenyewe kwasababu kampuni imeshindwa kutoa huduma. Ukiangalia vizuri kampuni haijashindwa, iliahidi huduma kwenye nyumba ya Sinza na Sinza bado iko tayari kuitoa, aliyeondoka ni wewe. Ndo maana kifungu cha kuhama ni kitu cha kutafuta siku unasaini, makampuni mengine wanaandika kwamba ukihamia sehemu wasipofika unatoka kwa kurudisha kifaa na kutoa taarifa ya siku 30, wengine hawaandiki chochote, na wasipoandika unabaki kutegemea mazungumzo. Kama uko nyumba ya kupanga na unajua hutokaa miaka miwili hapo, omba hicho kifungu kiandikwe au chagua kulipia gharama za kufungiwa mwenyewe ili usifungwe na muda. Kwa mpangaji wa Dar naona hiyo ya pili ndo salama, hata kama siku ya kwanza inauma mfukoni.

Ukigugo haya mambo utakutana na majibu mengi ya Uingereza na yatakupoteza. Kule nyumba nyingi zinatumia waya wa Openreach ambao makampuni mengi yanauza huduma juu yake, BT, Sky, Vodafone na wengine, kwaiyo mtu anabadili kampuni bila waya kuguswa, na tangu Septemba 2024 anaongea na kampuni mpya tu yenyewe inamalizana na ya zamani. Mdhibiti wao Ofcom ameweka mkataba wa mteja wa nyumbani usimfunge zaidi ya miezi 24. Hapa kwetu mara nyingi kila kampuni inavuta waya wake na kufunga boksi lake, ndo maana nguzo moja ya Kijitonyama ina nyaya kama nne za kampuni tofauti, na kutoka kampuni moja kwenda nyingine ni kuanza moja. Na usichanganye na ile huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba iliyoanza hapa Machi 2017, ile ni ya namba za simu za mkononi, haigusi intaneti ya nyumbani.

Sasa namna ya kuongea nao. Mazungumzo ya kawaida yanakwenda hivi:

"Habari dada, nataka kuhamisha intaneti yangu kutoka Sinza kwenda Goba."

"Sawa kaka, Goba tupo, utalipia gharama ya kuhamisha alafu fundi atakupigia."

Na mteja anashukuru anakata simu. Kwenye hiyo simu kuna vitu vinne havijaulizwa: fundi ameangalia nafasi kwenye boksi au bado, gharama ni kiasi gani na VAT iko ndani au inaongezwa, siku ambazo sitakuwa na huduma nitalipia au zinasogezwa mbele, na muda wa mkataba unabaki uleule au unaanza upya. Ukiuliza haya manne kwenye simu utajibiwa manne, alafu ukihama atapokea mtu mwingine aseme hajui. Kwaiyo ukimaliza kuongea andika yote kwenye baruapepe au hata kwenye WhatsApp yao ya huduma kwa wateja, "kama tulivyoongea leo, nimeelewa kwamba…" na waombe wathibitishe. Hiyo meseji ndo ushahidi wako.

Peleka taarifa mapema, wiki tatu ni muda mzuri, maana mafundi wana foleni yao na mvua za masika zikianza foleni inarefuka. Usikubali huduma ya zamani ikatwe kabla ya mpya kupimwa ikafanya kazi, labda kama unalazimika. Kama itabidi ukae siku kadhaa bila huduma, nunua kifurushi cha simu cha kutosha na omba akaunti isimamishwe, baadhi ya kampuni wanaruhusu kusimamisha kwa muda bila kuhesabu mwezi, ila lazima uombe.

Alafu mwenye nyumba. Fundi wa faiba anatoboa ukuta na anapigilia vishikizo vya waya kwenye kuta za nje, na kuna wenye nyumba hawataki hata msumari wa picha. Muulize kabla, kwa adabu, "mzee naomba ruhusa ya kuingiza waya wa intaneti, watatoboa tundu dogo hapa pembeni ya dirisha na nitaliziba nikiondoka", na ukipata ruhusa iwe kwenye meseji. Kwenye apatimenti za Upanga, Mikocheni au Masaki uliza kitu kingine, kama jengo limeshakubaliana na kampuni moja tu. Yako majengo ambayo kampuni imeweka nyaya za ndani na uongozi wa jengo haumruhusu mwingine kuingia, na mkataba wako wa kampuni nyingine haukusaidii chochote hata kama waya wao umepita nje ya uzio.

Kuna njia moja ambayo watu hawaifikirii na inaokoa hela nyingi, kumwachia huduma anayeingia baada yako. Waya upo, kifaa kipo, kinachotakiwa ni kampuni ikubali akaunti ibadilike jina. Muombe mwenye nyumba au dalali namba ya mpangaji mpya, ongea naye, akikubali nendeni wote ofisini na vitambulisho, asaini yeye na wewe upewe karatasi ya kuonyesha umetoka. Msiishie kukubaliana kwa mdomo kwamba atakuwa analipia kwa namba yako, akiacha kulipa bili ni yako, na chochote kitakachofanyika mtandaoni kupitia hiyo akaunti kimeandikwa jina lako.

Ukiamua kuvunja, andika barua yenye tarehe, jina, namba ya akaunti, siku ya mwisho ya huduma na ombi la kupewa hesabu ya mwisho. Kifaa kama ni cha kampuni kirudishe mwenyewe ofisini pamoja na chaja yake na boksi kama unalo, na usiondoke bila karatasi yenye namba ya kifaa, ile uliyoipiga picha, na sahihi ya aliyepokea. Kumpa fundi mkononi barabarani au kumtuma bodaboda bila risiti ni chanzo cha madai ya kifaa kinachosemekana hakijarudi. Na kama ulikuwa umeweka malipo yanayojikata yenyewe kwenye kadi ya benki, yatoe siku hiyohiyo.

Ikishindikana kuelewana kuna ngazi za kupanda na zinapandwa kwa mpangilio. Kwanza malalamiko kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, upewe namba ya malalamiko. Usiporidhika unaenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, iliyo pale Mawasiliano Towers barabara ya Sam Nujoma, ambao wanasimamia watoa huduma wote wenye leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na kuna kanuni za kumlinda mtumiaji za 2018 zinazotaka mtoa huduma ampe mteja taarifa za wazi kuhusu bei na masharti. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, hawa wanasimama upande wa mtumiaji na wanaweza kukuelekeza namna ya kuandika lalamiko lako. Asiyeridhika na uamuzi wa TCRA anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. TCRA watakuuliza ulishalalamika kwa kampuni lini na ulijibiwa nini, usipokuwa na hiyo karatasi unarudishwa mwanzo.

Na ukifika nyumba mpya ukakuta waya wa faiba umeshatoka ukutani, usifurahi haraka. Inawezekana mpangaji aliyetoka hakufunga akaunti yake na kile kitundu kwenye nguzo bado kimeandikwa jina lake, kampuni ikikwambia boksi limejaa kumbe nafasi inayoshikiliwa ni ya nyumba hiyohiyo unayoishi wewe. Waambie kuna laini ya zamani kwenye hii nyumba na mteja wake ameshahama, wape picha ya stika iliyo kwenye kiboksi kidogo cha ukutani, na mwombe mwenye nyumba amtafute huyo mpangaji wa zamani apige simu moja tu ya kuiachia. Deni lake kama analo ni lake, limesajiliwa kwa kitambulisho chake na halina uhusiano na nyumba, kwaiyo mtu akikwambia ulipe deni la laini ndo ufungiwe, mwombe akuandikie hiyo kauli kwa baruapepe ya ofisi kabla hujatoa hata shilingi.